Pengo la Mstari wa Pili: Maisha ya Mama Rispah Nabalayo

Yameandikwa na kusomwa kwa niaba ya familia na ndugu yake mdogo, Joash Sitati. Keringet, Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025.

Katika matanga mengi husomwa kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Maneno hayo hayatasomwa hapa leo. Marehemu mwenyewe aliyakataza, akili zake zikiwa timamu, mbele ya binti yake Nerima na mbele ya Joash, ambaye familia imempa kazi hii kwa sababu ya sauti yake nzuri, sura yake, na mwandiko uliosifiwa mpaka darasa la saba, yeye na shule walipoachana kwa amani. Alimwambia, "Joash, wewe na maneno yako ya redio. Ukisema pengo langu halizibiki, nitaamka." Kwa hivyo waombolezaji waketi vizuri. Wale wa hema la nyuma wanaoulizia wali wavumilie kidogo. Kwa nini alilikataza neno hilo, wataelewa kabla hatujafika mwisho.

Rispah Nabalayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika nyumba za reli mjini Nakuru. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nyongesa Sitati, fundi wa injini za mvuke, na mkewe Nerima, wote wawili waliotoka Bungoma. Mzee alikuwa na koneti, ile tarumbeta fupi ya shaba. Jioni akitoka kazini, mikono bado nyeusi, aliketi kwenye ngazi ya nyuma akaipiga, na wavulana wa landhi, ndizo hizo nyumba za reli, wakaja kufundishwa. Binti aliambiwa aangalie sufuria. Basi akaangalia sufuria huku akiupiga wimbo wote kwa mluzi, maana mluzi hauhitaji kuazimwa na mtu. Mama akamkemea: "Nabalayo! Msichana hapigi mluzi. Utaita nyoka ndani ya nyumba!" Mzee akanyanyuka kwenye ngazi, akasimama mlangoni akisikiza. Akasema, "Mwache. Wavulana wangu wote hawajafika hapo alipo." Kesho yake akapewa koneti aishike. Nyoka hakuja. Mwaka huohuo alizaliwa Joash, na marehemu alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo hatari ambayo mama aliihofia.

Masomo ya msingi aliyapata hapohapo Nakuru, na kidato cha nne akakimaliza mwaka wa 1977. Alikuwa mzuri wa hesabu na wa kushona. Siku moja kwenye gwaride, mwalimu mmoja aliuliza ni nani anayepiga mluzi darasani. Rispah aliinua mkono, akajiandaa kwa kiboko. Ngoma ya shule ilikuwa imepasuka wiki hiyo, na mwalimu yule akamwambia, "Njoo mbele. Bendera itapandishwa kwa mluzi wako." Aliisimulia hadithi hiyo maisha yake yote. Alitarajia fimbo akapewa kazi. Alisema tangu siku hiyo hakuweza tena kumtazama mtoto mkorofi na kuona ukorofi peke yake.

Mwaka wa 1979 aliajiriwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo mjini. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi mwaka wa 1998, alifungua kibanda chake sokoni, akashona yunifomu za shule mpaka mwaka wa 2023. Nusu ya walioketi hapa wameshawahi kuvaa suruali yake. Joash alivaa tatu, na zote zilimkaa kama bwana harusi.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Bethwel Kiptanui wa hapa Keringet, aliyekuwa dereva wa lori la viazi. Bibi harusi alipoletwa huku mara ya kwanza, alienda kukama, akapiga mluzi, na ng'ombe wote wakamfuata mpaka jikoni. Mama mkwe akauliza, "Bethwel, umetuletea msichana au umetuletea mchungaji?" Bethwel akajibu, "Nimeleta wote wawili kwa mahari ya mmoja." Mungu aliwajalia mabinti wawili, Nerima, aliyepewa jina la bibi yake, na Chesang. Shemeji Bethwel hajui kuimba, na tunaomba leo asijaribu. Lakini aliendesha basi la bendi bila malipo kwa zaidi ya miaka ishirini, na mtu akitaka kujua mapenzi ni nini, aangalie mgongo wa huyo mzee.

Sasa bendi. Mzee Sitati alifariki mwaka wa 1994 na kuacha sanduku la vyombo vya shaba: koneti, tromboni iliyobonyea, na besi kubwa ambayo kuku walikuwa wametagia ndani. Wengine katika familia walitaka mabati na shamba. Rispah akauliza kama kuna anayehitaji hivyo vyuma. Hakuna aliyevitaka, akavibeba kichwani.

Wakati huo, kwenye mlango wa mtaa wa landhi, Nakuru, juu ya kalavati pale mtaro unapovuka barabara, walikaa vijana ambao kila mzazi aliwahofia kwa ajili ya binti yake. Mwanamke akipita, walimpigia mluzi. Jioni moja alipita Rispah na kitambaa begani, akapigiwa mmoja mrefu. Wanawake wengine waliongeza mwendo. Yeye akarudi nyuma.

"Nani amepiga?"

Wote wakatazama viatu.

"Nauliza tu nani amepiga. Sijakuja na chifu."

"Ni mimi, mathe," akasema mmoja mrefu, jina lake Oduor, aliyekuwa amefukuzwa shule kidato cha pili. "Pole, mathe. Sikujua ni wewe."

"Kwa hivyo angekuwa mwingine ingekuwa sawa?"

Wenzake wakamcheka. Rispah hakucheka.

"Huko juu umepanda vizuri sana," akamwambia. "Lakini kushuka, unaanguka kama ndoo iliyokatika kamba. Rudia."

"Nirudie nini?"

"Huo mluzi. Rudia, nasikiza."

Oduor akarudia, masikio yamemchemka. Rispah naye akampigia huohuo, pale pale barabarani, mama mzima na mfuko wa sukari mkononi. "Kesho saa kumi njoo kwangu na huo mdomo," akasema. "Na wasichana wakipita hapa, waache wapite. Hiyo pumzi nimeipatia kazi." Oduor alikuja, akawaleta wenzake. Leo ndiye kiongozi wa bendi, fundi wa magari, baba wa watoto wanne, na bado akishuka nota anaangalia kama Mwalimu, ndivyo bendi ilivyomwita Rispah, amesikia.

Bendi ya Vijana wa Landhi ilikuwa na taratibu zake, na wazazi wengi waliziona za ajabu. Mtoto hakushika chombo mpaka awe ameupiga wimbo mzima kwa mluzi. Akishaweza, alipewa chombo aende nacho nyumbani, siku hiyohiyo. Watu walisema, "Mama, watauza hivyo vitu." Alijibu kwamba mtu hawezi kujifunza kutunza kitu ambacho hajawahi kuaminiwa nacho. Nyimbo walichagua wenyewe. Mkubwa alimfundisha mdogo. Aliyechelewa hakutukanwa, lakini ndiye aliyeanza wimbo, peke yake, wote wakimtazama, na kuchelewa kukaisha.

Na alikuwa na tabia ya kubisha hodi kwa wazazi. Mzazi akimwona tu mlangoni, alishika kiuno.

"Huyo mtoto amefanya nini tena?"

"Jana alimsubiri mwenzake aliyekuwa akiumwa mguu, wakaja pamoja."

"Eh. Halafu?"

"Ni hilo tu."

"Mama Nerima, umepanda mlima wote huu kwa sababu ya hilo tu?"

"Ni hilo tu. Kwaheri."

Kuna mzazi hapa, hatutamtaja lakini amevaa kofia ya kijani, aliyeketi jioni nzima akimtazama mwanawe kama mgeni wa heshima.

Mwaka wa 2007 alikuja Fancy Jepkemei, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeishi na baba yake nyumba za nyuma. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa mpiga koneti bora kuliko wote, pamoja na Mwalimu mwenyewe, na aliyesema hivyo ni Mwalimu mwenyewe. Ndiye aliyepewa kupiga peke yake sehemu ya katikati ya wimbo wa Mzee, ule wa kwenye ngazi ya nyuma. Wimbo huo haujawahi kupigwa redioni wala kuandikwa popote. Unapita kwa mdomo tu, na sehemu ile ya katikati Mwalimu alimfundisha Fancy peke yake. Fancy alisimama mstari wa pili, wa tatu kutoka kulia.

Mwishoni mwa mwaka wa 2011 Rispah aliona kifungo cha koti la Fancy kikivutana. Fundi wa cherehani huona mapema. Hakuuliza. Aliomba makoti yote ya bendi yaletwe kufuliwa, na Jumamosi iliyofuata Fancy alipolivaa lake, lilimkaa vizuri. Mishono ya kando ilikuwa imefunguliwa na kushonwa upya, na kitambaa cha ziada kimeachwa ndani kwa ajili ya miezi inayokuja. Fancy aliingiza mkono, akapapasa mshono, akaelewa kwamba Mwalimu anajua. Alilia kidogo. Kisha akapiga sehemu yake, na walioisikia siku hiyo wanasema haijawahi kupigwa vile.

Lakini jambo hilo lilifika kwenye mkutano wa kanisa, ambako bendi ilipiga kila Jumapili. Mzee Hezekiah, mwenyekiti wa wazee, alisimama akasema msichana wa namna hiyo hawezi kutangulia mbele ya madhabahu. Mzee Hezekiah ameyasoma haya kabla ya kuchapishwa, akasema yaachwe kama yalivyo. Rispah alisimama naye akasema, "Huu ndio wakati wa kumshika karibu. Mkimtoa sasa, mnamtoa aende wapi?" Alishindwa kwa kura. Fancy alikuwa ameketi viti vya nyuma, na alisikia yote. Asubuhi yake Rispah alipofungua kibanda alikuta koti limekunjwa vizuri juu ya cherehani. Koneti haikuwapo. Fancy alikuwa amekwenda kwa shangazi yake, Longonot.

Wapo waliosema, "Si tulikuambia watauza?" Rispah aliwajibu kwamba anashukuru. "Angeacha koneti ningejua amekata tamaa. Ameenda nayo. Bado anataka kupiga."

Jumapili iliyofuata wazee walimwambia ampandishe mwingine mstari wa pili. Alikataa. Bendi ikaandamana na nafasi tupu, wa tatu kutoka kulia, na ilipofika sehemu ya katikati ya wimbo wa Mzee, vyombo vyote vikanyamaza, watu wakasikia viatu tu vikitembea, kisha bendi ikaingia tena. Hezekiah alimfuata nje.

"Mama, hilo pengo linatutia aibu. Bendi inaonekana kama mdomo wa kizee."

"Liache, Mzee. Hapo pana mtu."

"Mtu gani? Mimi simwoni."

"Ndiyo sababu nakuambia."

Tangu hapo halijazibwa. Mwaka wa 2016 kwenye mashindano mjini, mwamuzi alisimamisha bendi akauliza, "Mwenzenu ameenda haja?" Rispah akajibu, "Ameenda Longonot." Waamuzi walikata alama, kombe likaenda kwa wengine. Joash, aliyekuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba kombe ni letu, alikunywa chai peke yake wiki nzima. Lakini vijana wa bendi hawakunung'unika, na hapo ndipo wengi walielewa kitu. Kila mmoja wao alijua kwamba siku akianguka yeye, nafasi yake nayo haitapewa mtu. Kijana mmoja alifungwa miezi sita akarudi, akakuta wenzake wamesimama wamemwachia upana wa mabega yake. Hakurudi tena jela. Na mjukuu wa Mzee Hezekiah alipoacha shule na kutoroka nyumbani, Hezekiah mwenyewe alikuja kibandani, kofia mkononi, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na wa kwetu utamwachia?" Akamwachia. Kijana alirudi baada ya mwaka. Leo anapiga tromboni.

Fancy hakurudi. Mwaka wa 2012 Rispah na Bethwel walienda Longonot. Shangazi alisema hayupo. Pazia lilitikisika, na mtoto mchanga akalia ndani. Rispah angeweza kusukuma mlango. Alisema tu, "Mwambie nafasi yake haijakaliwa," akarudi kwenye gari. Bethwel alimuuliza mbona hakungoja. Akasema, "Amefukuzwa na watu wazima. Sitaki aburutwe na watu wazima. Akija, aje na miguu yake."

Lakini alimngoja, jamani. Wanaosema Mwalimu alikuwa mwanamke mgumu hawakuwahi kumwona na lile koti. Lilikuwa la msichana wa miaka kumi na sita. Kila baada ya miaka miwili mitatu alilishusha, akafungua mishono, akapanua mabega, akateremsha mikono, akikisia mwili ambao hakuuona. Fancy wa miaka ishirini. Fancy wa miaka ishirini na tano, mama wa mtoto. Bethwel alimwambia, "Mama Nerima, unamshonea mtu usiyemwona." Akajibu bila kuinua kichwa, sindano mdomoni, "Namwona vizuri. Amenenepa kidogo mikono."

Na kila basi la bendi lilipopita Longonot, Bethwel alipunguza mwendo bila kuambiwa. Madirisha yalifunguliwa. Bendi ilipiga wimbo wa Mzee, ikanyamaza katikati, Rispah akatazama nje muda wote wa kimya hicho, kisha wakaendelea na safari. Miaka kumi na mitatu.

Mwaka wa 2024 alianza kukosa pumzi. Madaktari wa Nakuru walisema ni mapafu, yamekauka, na hayatarudi. Akaambiwa asipige chombo chochote. Mluzi ulikuwa wa mwisho kumwacha. Jumatatu ya Pasaka mwaka huu bendi ilikuwa ikienda Nairobi, akaomba apelekwe hata kama ni kukaa tu. Walipofika Longonot, Bethwel alisimamisha basi kabisa. Wachuuzi walikuja madirishani. Bendi ikapiga, ikafika katikati, ikanyamaza.

Na kule nje, mluzi ukaanza.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu hivi, na beseni la karoti kichwani. Aliipiga sehemu ya katikati yote, akitazama karoti za mwenzake kama mtu asiyejua anafanya nini. Alipanda juu vizuri. Na kushuka hakuanguka. Alishuka hatua kwa hatua, jinsi Mwalimu alivyokuwa akiwakazania watu wote tangu Oduor. Bendi ilisahau kuingia. Oduor akanyanyuka kwenda mlangoni. Rispah akamshika mkono.

"Mwalimu, huyo ni wa Fancy! Hakuna kwingine angeusikia!"

"Najua."

"Basi tushuke!"

"Kaa, Oduor. Ukimrukia utamtisha, na mama yake atahama Longonot." Alivuta pumzi mara kadhaa, maana ilikuwa haimtoshi. Kisha akatoa kichwa dirishani, akamwita yule msichana kwa upole, akanunua karoti. "Nani amekufundisha kupiga mluzi?"

"Mama."

"Anajua kufundisha. Mwambie hivyo. Mwambie amesema Mwalimu."

Hilo tu. Basi likaondoka. Wanaomfahamu wanajua kwamba alikuwa amebisha hodi kwa mzazi, kama alivyozoea. Alizikumbatia zile karoti mpaka Nairobi, na mtu asimwambie Joash kwamba hakulia, kwa sababu Joash alikuwa amekaa kiti cha pili na ndiye aliyetoa leso.

Alilazwa tarehe 27 Oktoba. Siku zake za mwisho alizungumza neno moja moja. Asubuhi ya Jumapili tarehe 9 Novemba 2025 alimuuliza Nerima, "Mstari wa pili?" Nerima angeweza kumdanganya. Akasema, "Bado, Mama." Rispah akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa sawasawa. Akasema, "Msizibe." Saa nne alikata roho, mumewe akiwa amemshika mkono na Chesang amemshika miguu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mume, Mzee Bethwel Kiptanui, mabinti, Nerima na Chesang, wajukuu watano, ndugu yake Joash, ambaye bado ni mzuri, vijana wa bendi wa zamani na wa sasa, ambao hakutaka wahesabiwe, Fancy Jepkemei wa Longonot, na msichana mmoja wa karoti, ambaye hakuwahi kulijua jina lake. Familia imetuma habari Longonot. Jibu halijafika, na hatukuliomba.

Baada ya maombi bendi itatangulia mbele ya jeneza kutoka hapa mpaka kaburini. Waombolezaji mnaombwa mambo mawili. La kwanza, mtu yeyote asitembee ndani ya mstari wa pili, hata akiona pako wazi, hata akiwa mheshimiwa. Mzee Hezekiah atakuwa kando akipalinda. La pili, wimbo wa Mzee utakapofika katikati, kutakuwa kimya. Msipige makofi, msikohoe kwa makusudi, na Mchungaji asidhani ni zamu yake. Kimya hicho kina mwenyewe.

Na kama mwenyewe yuko hapa, pengine amesimama nyuma karibu na lango, ajue koti liko kwa Nerima. Mwalimu alilipanua mabega mwezi wa Agosti. Ni wa tatu kutoka kulia.

Dada yetu apumzike, na arudishiwe pumzi yote aliyopungukiwa. Sisi hatujaziba.